Mzee Bambo na Sindano Aliyoikimbia

Wasifu wa marehemu Asukile Yotamu Mwaisumbe, 14 Agosti 1968 – 9 Septemba 2025. Unasomwa na binti yake, Lusia, nyumbani kwa marehemu, Uyole, Mbeya.

Wachungaji, majirani wa Uyole, wafanyabiashara wa Mwanjelwa, na ndugu mliosafiri kutoka Rungwe na Iringa: tunayemsitiri leo aliomba mambo mawili kuhusu maneno haya. La kwanza, yasiwe marefu, kwa sababu wengine watakuwa wamesimama juani. La pili mtalisikia likifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Kiwira, wilayani Rungwe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Yotamu Mwaisumbe na Mama Sabina. Alikuwa mtoto mwenye haya kupita kiasi. Watoto wenzake walipoingia mtoni kuoga, yeye alikaa ukingoni akilinda nguo zao, akaoga wakishaondoka. Mama Sabina alizoea kusema, "Huyu wangu akiumwa, mpaka umkamate ndipo ujue."

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1977 hadi 1983. Hesabu aliziweza kuliko wote. Siku ya kumaliza darasa la saba mwalimu mkuu alitangaza zawadi ya hesabu na kuita, "Asukile Mwaisumbe!" Asukile akainama, akazitazama kucha za miguu yake. Mwalimu akaita tena. Mdogo wake, Lugano, wakati huo yuko darasa la tatu, akachoka kusubiri. Akapita katikati ya wazazi mbio, akapokea lile sanduku la vifaa vya hesabu na kumpelekea kaka yake. Watu walicheka sana. Marehemu alilisimulia jambo hili mpaka uzeeni, na kila mara alilisimulia kama kichekesho.

Mwaka 1985 alihamia Mbeya kumsaidia baba yake mdogo, Mzee Shedrack, aliyekuwa na kibanda cha nafaka Mwanjelwa. Kufikia mwaka 1994 alikuwa na stoo yake mwenyewe ya mchele na maharage. Hapo ndipo alipopata jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko la ubatizo. Bambo ni kijibomba cha chuma chenye ncha. Mnunuzi hulichoma kwenye gunia likatoa punje chache, akajua kilichomo bila kulifungua. Wengi huchoma mahali popote. Marehemu alichoma katikati, akalizamisha mpaka kwenye mpini. "Pembeni huwa pazuri siku zote," alisema. "Mtu akificha pumba, huzificha katikati." Hakununua gunia ambalo hakulitoboa, hata liwe la mchungaji. Sokoni wakamwita Mzee Bambo, na wapo waliofanya naye kazi miaka mingi bila kujua kwamba anaitwa Asukile.

Bambo hilohilo ndilo lililompatia mke. Mwaka 1995 alikwenda Idodi, mkoani Iringa, kununua mchele kwa Mzee Kiwele. Alitoboa gunia la kwanza, akakuta mchele safi. Akatoboa la pili na la tatu. Kwa kuwa hakuona hila yoyote, akazidi kushuku, akayatoboa yote. Binti wa mwenye mchele alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Akamwambia, "Kaka, ukimaliza magunia, njoo utoboe na kuta. Huenda baba ameficha pumba humo." Marehemu aliona aibu hata akasahau kupatana bei. Binti huyo ni Devotha, mama yetu. Walifunga ndoa Iringa mjini tarehe 7 Septemba 1996, na Mungu akawajalia watoto watatu: Sifaeli, Lusia na Yotamu.

Sasa tumefika kwenye ugonjwa. Katika wasifu nyingi mahali hapa husomwa, "aliugua kwa muda mfupi," kisha msomaji akaendelea. Ombi la pili la marehemu lilikuwa kwamba maneno hayo yasisomwe kwake, maana hayakuwa kweli. Marehemu aliugua saratani ya titi. Aliiugua kwa miaka mitatu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliificha.

Uvimbe aliugundua katikati ya mwaka 2022, akijipaka sabuni. Ulikuwa nyuma ya chuchu ya kushoto, mgumu, mdogo kama punje ya harage, na hauumi. Hakumwambia mtu. Mwenyewe alisema baadaye kwamba hakuogopa kufa. Hakufikiria kufa hata kidogo. Aliogopa lile neno. Angesimamaje Mwanjelwa, mwanaume mwenye ndevu, mzee wa kanisa, aseme anaumwa titi? Akaanza kuvaa mashati mawili. Mama alipomuuliza sababu, alisema baridi ya Uyole imezidi.

Mwezi Machi 2023 alijikaza akaenda hospitali, hapahapa Mbeya. Alielekezwa kwenye benchi la wanaosubiri kupimwa matiti. Wote walikuwa wanawake. Mmoja alikuwa mteja wake wa maharage.

"He! Mzee Bambo! Umemleta mama?"

"Ndiyo," akasema. "Ameenda chooni."

"Pole yake. Sogea basi ukae, baba. Hapa hatuumi mtu."

Wakacheka, naye akacheka nao. Baada ya muda muuguzi akatoka mlangoni na kuita, "Asukile Mwaisumbe!" Marehemu akatazama viatu vyake. Muuguzi akaita tena. Mteja wake, kwa wema tu, akamsaidia kupaza sauti kuelekea korido: "Asukile! Dada Asukile, unaitwa huku!" Marehemu akasimama. Akasema anakwenda kumtazama mama chooni, akatoka nje na kurudi sokoni. Mama Devotha siku hiyo alikuwa nyumbani akipalilia mboga. Jioni alimwambia kwamba alikuwa na kivimbe kidogo kifuani, amepimwa, na ni mafuta tu.

Ikapita miezi minane. Uvimbe ukakua, chuchu ikaingia ndani, akaanza kukuta doa la damu kwenye fulana. Fulana hizo alizifua mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kufua hata leso.

Aliyemkamata ni rafiki yake wa Iringa, Ndugu Anil, ambaye yuko hapa nasi. Novemba mwaka huo marehemu alimpelekea mchele dukani kwake. Alipoinua mkono kuonyesha gunia, koti likafunguka, na Anil akaliona doa. Akafunga mlango wa stoo.

"Nini hiki, Bambo?"

"Jipu."

"Jipu la wapi linavuja kupitia mashati mawili? Twende hospitali."

"Watataka kunidunga sindano. Uvimbe ukidungwa unaamka, unatambaa mwili mzima. Kila mtu anajua."

Anil akayaonyesha magunia yaliyopangwa hadi darini. "Tazama mali yangu. Miaka ishirini na zaidi unaitoboa mbele ya wateja, inafanana na chujio la chai. Niambie, mchele gani uliwahi kuamka? Pumba ulizikuta au ulizipeleka wewe na bambo lako?"

Ndipo marehemu akasema lililokuwa moyoni: "Anil, ni titi. Ni la wanawake."

"Ni lako," Anil akamjibu. "Funga koti."

Walikwenda hospitali Iringa, ambako hakuna aliyemjua. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Dokta Taslim. Marehemu alimwomba, "Binti yangu, hakuna daktari wa kiume?"

"Yupo, mzee wangu. Yuko likizo. Utamsubiri, au tumalize?"

Alilazwa chali, akapakwa mafuta ya baridi, na daktari akapitisha kifaa cha ultrasaundi kifuani huku akitazama kioo cha mashine. Akaeleza kwamba atatumia sindano nyembamba kuliko ya kutolea damu, atoe chembe chache za uvimbe, zipakwe kwenye vioo vidogo na kupelekwa maabara. Hapo mfanyabiashara akaamka ndani ya mgonjwa.

"Utajuaje kama umefika katikati? Pembeni huwa pazuri siku zote."

Daktari akageuza kioo cha mashine ili naye aone. "Hili duara jeusi ndilo uvimbe. Huu mstari mweupe ni sindano yangu. Uone unavyoingia. Na hapa ndipo ncha ilipo."

Marehemu alitazama mstari ule ukifika katikati na kuchezeshwa mbele na nyuma mara chache. Hakuhisi maumivu makubwa kuliko mchomo wa mwiba. "Hilo ndilo bambo," akasema. "Ila lako lina macho." Daktari akacheka. Kisha kifaa kikapanda hadi kwapani, na daktari akaacha kucheka. Akaona tezi iliyovimba, akaomba ruhusa ya kuichoma nayo.

"Hiyo nayo ni ya gunia lilelile?" marehemu akauliza.

"Ndicho ninachotaka kukijua, mzee wangu."

Majibu yalitoka baada ya wiki moja: saratani, kwenye titi na kwenye tezi ya kwapani. Marehemu aliuliza swali moja tu. Je, mwezi Machi ingekuwa imefika kwapani? Dokta Taslim alimjibu kwa upole kwamba hakuna awezaye kulijua hilo kwa hakika, lakini miezi minane ni mingi. Marehemu hakuwahi kulisahau jibu hilo. Alisema kilichoutembeza ugonjwa si sindano, ni yeye mwenyewe pale benchini, akitazama viatu.

Januari 2024 aliondolewa titi kwa upasuaji, akaendelea na dawa za saratani kwa miezi kadhaa. Mama na watoto walielezwa ukweli, wakaapishwa wasiseme. Wengine wote mliambiwa ameanguka kutoka kwenye lori la mpunga, akavunjika mbavu. Mlikuja na kuku, mlikuja na mayai. Kwaya ilimwimbia pale sebuleni, na mchungaji akaziombea mbavu. Marehemu aliitikia "Amina" kwa ajili ya mbavu zisizo na kasoro. Wageni walipoondoka aligeukia ukutani, na hao kuku hakuwala. Familia nayo ilikula, ikanyamaza.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mapafu. Mwezi Juni Lugano alikuja kutoka Kiwira kumjulia hali. Waliketi wawili chumbani, Mama Devotha akiwa mlangoni na chai. Lugano, ambaye utani haumwishi, akasema, "Kaka, wewe mbavu, mimi titi. La kushoto limevimba, linauma kama la msichana anayekua. Shemeji yako ananicheka mpaka ananiuliza nitanyonyesha lini."

Marehemu akakiweka kikombe chini. "Umekwenda hospitali?"

"Wakanidunge liamke? Nakunywa mizizi. Na nikakae na akina mama kwenye benchi? Mimi?"

Marehemu alianza kufungua vifungo vya koti, kisha vya shati la kwanza, kisha la pili. Ilimchukua muda. Hakuwahi kumvulia shati mtu yeyote isipokuwa daktari. Lugano akaliona kovu, kutoka kifuani hadi kwapani. Akatazama mlango, akatazama dari, mwisho akamtazama kaka yake.

"Sijawahi kuanguka kwenye lori," marehemu akasema. "Niliitwa jina nikanyamaza. Kesho tunakwenda wote."

Kesho yake alikwenda, akipumua kwa shida, akimshika Lugano bega. Lilikuwa benchi lilelile. Muuguzi akatoka na kuita, "Lugano Mwaisumbe!" Lugano akainama. Ndipo marehemu, ambaye sauti yake ilikuwa imebaki kidogo, akainua mkono juu.

"Yupo! Huyu hapa! Na mimi ni Asukile Mwaisumbe, mliniita hapa mwaka juzi nikawadanganya."

Kina mama wakageuka. Mmoja, mwenye kitambaa kichwani, akasema, "Basi karibuni, baba zangu. Kumbe na nyie mnayo." Wakasogea, wakawapa nafasi. Lugano akaingia, akachomwa sindano huku akitazama kioo cha mashine. Majibu yakasema si saratani. Ni tezi ya kawaida ya titi iliyovimba, na inatibika. Siku ya majibu marehemu alikula wali kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mwishoni mwa Agosti aliita kikao cha ndugu kitandani pake, akaagiza yasomwe haya mnayoyasikia. Mzee Shedrack alipinga kwa uchungu: "Mwanaume wa ukoo wetu asomwe titi mbele ya watu, na kuna wakwe?" Marehemu alimjibu, "Baba, ni kweli ni aibu. Naiona hata sasa. Lakini pale wataketi wanaume wenye mashati mawili." Akamgeukia Lusia. "Ukifika hapo, usipunguze sauti."

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, alfajiri, hapa nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Ameacha mjane, Devotha. Watoto Sifaeli, Lusia na Yotamu. Mjukuu mmoja, Sabina. Mdogo wake Lugano. Baba yake mdogo, Mzee Shedrack. Na rafiki yake Anil. Bambo lake lipo pale juu ya meza ya maua. Lugano atalichukua.

Mungu amemwita Asukile Mwaisumbe kwa jina lake lote, naye safari hii hakutazama viatu. Baba, umeitika. Lala sasa kwa amani.