Maji ya Mwanvua

Miaka ile ya vita, basi la kwenda mtaa wa Kamenge lilikuwa halijafika nusu ya njia, na Mwanvua, muuza vitenge, alikuwa ameshasikia mambo ya dini za watu zaidi ya alivyoomba. Mbele yake mama Ernestine, Mkatoliki, alimpakata mjukuu mchanga mwenye homa. Dawa alishapewa, kilichobaki ni kumfikisha parokiani Kamenge abatizwe. Aliyeketi kando ya Ernestine, mlokole aitwaye Bahizire, hakupendezwa.

"Mutoto hajui kitu, mama. Ubatizo ni wa mutu mwenye kuamini. Ngoja akue, achague yeye mwenyewe, tumuzamishe mu ziwa Tanganyika muzima-muzima."

"Na asipokua?"

Bahizire aliifungua Biblia yake, kisha akaifunga. "Mungu hawezi kumukataa juu ya kukosa maji."

"Basi hawezi kumukatalia maji."

Mwanvua alitazama dirishani. Kwao mtoto huadhiniwa sikioni akizaliwa tu, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama ameelewa.

Mara risasi zikalia mbele. Dereva akasimamisha basi, akasema Kamenge leo haifikiki. Abiria wakashuka mbio. Ernestine hakuinuka, na Mwanvua na Bahizire wakabaki naye. Alisema kwao padri akikosekana na mtoto yumo hatarini, yeyote anaweza kubatiza. Kisha akaitazama chupa ya Mwanvua, yenye maji ya udhu wa alasiri.

"Dada, nisaidie."

Mwanvua akampa. Bahizire akakishikilia kichwa cha mtoto kwa mikono miwili.

"Mi sijakubali," alisema. "Mimina polepole, mama. Iko baridi."