Janvier Havugimana na Ng'ombe wa Munezero

Kaka yetu Janvier Havugimana alizaliwa tarehe 6 Januari 1979 huko Mushaki, katika milima ya Masisi, kwa marehemu muzee Modeste Habarurema, mfugaji, na mama Mahoro. Padri alipouliza mtoto aitwe nani, muzee alijibu, "Mwezi umekwisha kumupa jina." Basi akaitwa Janvier, yaani Januari kwa Kifaransa.

Alisoma shule ya msingi Mushaki, kisha sekondari mjini Goma, ambako alipata diploma ya Serikali mwaka 1998. Walimu walimkuta mara nyingi akichora ng'ombe katika daftari la hesabu, kila mmoja na jina lake. Hesabu zenyewe tusizizungumze hapa, mbele ya watu.

Mwaka 1999 aliingia studio ya foto ya muzee Darius, Birere, akajifunza kupiga na kusafisha filamu. Simu zilipofika na kila mtu akaanza kujipiga mwenyewe, studio ilifungwa. Janvier alibaki na kamera ya zamani na kichwa kigumu. Kuanzia mwaka 2017 alikuwa akipanda Masisi kuwapiga foto ng'ombe wa majirani. Watu walimcheka: "Inchi inaungua, weye unapiga foto ya ngombe?" Yeye aliendelea kupanda. Dawa ya filamu ilipokosekana mjini, alisafishia kwa kahawa, magadi ya kufulia na vitamini C, jikoni kwa mke wake, ambaye alizoea kusema, "Kwa benzetu kahawa inanywewa na bageni. Kwetu inanywewa na filamu."

Mke huyo ni Valérie Uwitonze, ambaye alifunga naye ndoa tarehe 22 Julai 2006. Kanisani Janvier aliinuka mara mbili kumwonyesha mpiga foto upande wenye mwanga, hadi padri akamwambia, "Bwana arusi, leo kazi yako ni moja tu." Mungu aliwajalia watoto wawili, Moïse na Joyeuse.

Vita ilipowasukuma watu wa Masisi hadi kambi za Lac Vert na Munigi, na mifugo ikapotea, wale waliocheka ndio waliokuja kuulizia foto. Mwishoni mwa 2024 Janvier akaamua kutengeneza kitabu kwa mikono yake. Alibandika foto kwenye karatasi, akaandika chini jina la ng'ombe na la mwenyewe, akatoa fotokopi, akakunja, akashona mgongo kwa uzi wa magunia. Alikiita Ng'ombe na Wenyewe. Nakala zilikuwa ishirini, akazigawa kambini.

Haikupita wiki, mama Uwamariya akaja nyumbani ameshika kitabu kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Janvier alikuwa ameandika kwamba Bihogo, yule ng'ombe mwekundu, ni wa Constant, kwa sababu siku ya foto Constant ndiye aliyeshika kamba. Kumbe Constant alikuwa mchungaji. Bihogo ndiye ng'ombe wa mahari aliyeletwa kwa ajili ya Munezero, binti ya mama huyu, na sasa hakubaki ng'ombe wala kwato, foto tu.

"Janvier, unataka batu baseme mutoto wangu aliolewa bure?"

"Kosa iko yangu, mama. Nitabirudisha byote, kimoja kimoja."

Mwanzoni mwa 2025 kambi zilivunjwa, watu wakatawanyika, na vitabu pia. Mwezi wa Machi figo zikaanza kumsumbua Janvier, miguu ikavimba. Tulimwomba apumzike. Wapi! Alivifuata vitabu Sake, Mushaki, popote, akiondoa ukurasa mbaya na kushona mpya. Cha mwisho kilikuwa kwa Constant mwenyewe, Bunagana, naye akakataa kukitoa, kidole kikiwa juu ya jina lake: "Nilimuchunga tangu akiwa ndama. Nisipokuwa hapa, niko wapi?"

Janvier alirudi Goma. Kesho yake aliandika upya: "Bihogo, ng'ombe wa mahari ya Munezero. Aliyeshika kamba ni Constant, mchungaji wake." Na ili haki ya mmoja isiandikwe katika kitabu kimoja tu, akaanza tena nakala zote tangu mwanzo. Dada yake Athanasie, anayewasomea maneno haya, alimgombeza sana siku ile. Janvier alicheka, akamwomba amtungie uzi kwenye sindano.

Alimaliza kumi na tisa. Kwenda tena Bunagana hakuweza. Alifariki hospitalini hapa Goma, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, ukurasa wa nakala ya ishirini ukiwa chini ya mto wake.

Jana mchana Constant alifika kwenye kilio kutoka Bunagana, kitabu kikiwa ndani ya koti. Alikitoa bila kuombwa. Valérie akaleta ukurasa, sindano na uzi. Aliyeshona ni mama Uwamariya, na Constant ndiye aliyemshikia karatasi. Sisi wengine tulilia.

Janvier ameacha mjane, Valérie; watoto, Moïse na Joyeuse; mama yetu, Mahoro; na dada yake, Athanasie. Mama Uwamariya alituambia, "Na mie muniandike. Alikuwa mutoto wangu." Tumemwandika.

Kaka, nakala zote ishirini ziko sawa. Usiamke kuzikagua. Pumzika sasa, kwa amani ya Mungu.