Mwalimu Euphrasie na Wanafunzi Wake Sitini wa Baharini

Padri wetu, wakubwa wa ukoo, majirani wa Bagira, nanyi nyote ambao Mwalimu aliwahi kuwapigisha magoti kwa kuchelewa, familia imenipa mimi, Adalbert, mdogo wake, kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, na nitayasoma yote, hata pale ninapojiaibisha mwenyewe, kwa sababu yeye hakuwahi kupokea kazi ya nusu.

Euphrasie M'Bisimwa alizaliwa Miti tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa tatu wa mzee Bisimwa, mkulima wa kahawa, na mama Marcelline. Alisoma shule ya msingi hapo Miti tangu 1967 hadi 1973, akashuka Bukavu kwa masomo ya sekondari, akapata diploma ya serikali mwaka 1979, akasomea biolojia miaka mitatu, na tarehe 6 Septemba 1982 akasimama kwa mara ya kwanza mbele ya darasa huko Bagira, ambako alifundisha miaka thelathini na saba bila kuacha hata siku moja kuita majina, hata asubuhi zile ambazo risasi zilikuwa zimelia mjini na darasani wamefika wanne tu.

Tarehe 12 Julai 1986 alifunga ndoa na Christophe, fundi seremala, mtu mpole ambaye naye, tuseme ukweli, aliitwa jina kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Mungu aliwajalia watoto watatu, Consolate, Thierry na Charlène, kisha wajukuu saba. Christophe alitutoka mwaka 2015, Mwalimu akastaafu mwaka 2019, na sisi tukadhani sasa atatulia nyumbani afuge kuku.

Hakutulia. Elysée, aliyekuwa mwanafunzi wake na ambaye siku hizi anafanya kazi pwani ya Kenya, karibu na Shimoni, alimwandikia kwamba mradi wao wa kuokoa matumbawe unatafuta watu wa kujitolea kwa miezi sita, na kwa sisi watu wa milimani nieleze kwamba matumbawe ni viumbe hai, vinajenga chini ya bahari kitu mfano wa kichaka cha mawe, samaki wanazalia humo, na kichaka kikifa, wavuvi wanalala njaa. Mimi nilimpinga mbele ya familia yote, nikamwambia, "Yaya, dada yangu, na miaka makumi sita na moja, unaenda kuoga mu bahari na batoto?" naye akanijibu, "Adalbert, weye bakia na kuku, miye naenda," na tarehe 5 Februari 2023 akavuka mpaka wa Ruzizi na sanduku moja na daftari lake la kuitia majina, bila baraka yangu.

Siku yake ya kwanza baharini bado inasimuliwa huko. Sisi wa ziwa Kivu tunajua kwamba maji yakianza kutoa mapovu mtu hasimami kuuliza, ni gesi, anakimbia, basi Mwalimu, akiwa ndani ya mashua, aliona mapovu yanapanda, akapiga kelele, "Gaz! Gaz! Turudi yote!" na kwa sauti ile mnayoijua ninyi akawaamuru vijana wapige makasia mpaka nchi kavu, wakatii, kumbe mapovu yalikuwa pumzi ya Elysée, aliyekuwa chini na chupa yake ya hewa mgongoni, na ambaye alipoibuka hakukuta mashua wala mtu, akarudi kwa kuogelea.

Walimsamehe, wakampa meza moja ya chuma, iliyosimamishwa mahali ambapo maji yakipwa yanamfikia mtu kifuani, na juu yake vipande vichanga sitini vya matumbawe, kazi yake ikiwa kuvisafisha kwa mswaki visifunikwe na mwani. Mwalimu akasema hawezi kulea asiyekuwa na jina, akavipa hamsini na tisa majina ya wanafunzi wake wa zamani, akawa anaviita kila siku kwa mistari, na kile cha mwisho kabisa, kilichopinda na kukataa kusimama, akakiita Adalbert. Wavuvi walimcheka wiki ya kwanza, wiki ya pili wakaanza kumwuliza nani ameamka vibaya leo.

Alirudi tarehe 30 Julai 2023, mwenye furaha kuliko alivyoondoka, lakini Januari 2024 figo zikaanza kumsumbua, akalazwa mara tatu, macho yakashindwa kusoma, nami nikawa msomaji wa simu yake. Mwezi wa Mei Elysée aliandika kwamba bahari imepata joto kupita kiasi, meza nzima imegeuka nyeupe, rangi ya matumbawe yanayokufa, na wakubwa wa mradi wanataka kuing'oa waweke vipande vipya. Mimi nikamsomea kwamba wote ni wazima. Akasema, "Adalbert, tangu utoto, ukidanganya unajikunaka sikio. Soma tena." Nikasoma tena, akalia kidogo, akapangusa uso, akaniandikisha jibu: "Baambie kuwa nyeupe haiko kufa. Miye nywele yangu iko nyeupe tangu 2009, na nakula bugali. Banipe miezi tatu." Wakampa. Tangu hapo kila asubuhi aliniuliza kama habari imefika, kila asubuhi haikuwa imefika, na hilo lilimuuma kuliko sindano, mpaka tarehe 10 Agosti 2024, saa nne asubuhi, alipofariki mikononi mwa watoto wake, zikiwa zimebaki siku nne atimize miaka sitini na tatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwasahihisha tahajia za ripoti na hawakukasirika, majirani waliompandisha mlima kwa machela mvua ikinyesha, walimu wenzake, na wanafunzi wake mliojaa hapa mpaka barabarani.

Jana jioni, tukiwa tunapanga viti hivi mnavyokalia, ujumbe wa Elysée ulifika. Aliingia majini akaita majina. Kati ya sitini, thelathini na watatu wamekufa, ishirini na sita wamerudisha rangi, Colombe yupo, Hugues yupo, hata Polycarpe, aliyerudia darasa mara mbili, yupo, na meza haitang'olewa. Amebaki mmoja, wa mwisho, yule aliyepinda: bado ni mweupe, ila yuko hai, na Elysée amekataa kumwandika kwamba hayupo.

Yaya, ulikuwa na haki ya kwenda, nami nilikosa, ninalisema mbele ya watu hawa wote na sikio langu sijaligusa. Daftari tunalo, majina tutaita sisi. Wewe pumzika kwa amani.