Nilimnyima Mama Yangu Maji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmezoea kuniona nikisimama hapa kuwaonya. Leo nimesimama kutubu na kushukuru.

Mnalijua fundisho langu kwa wanawake: anayetoka nje wakati wa maombi amempa Mungu mgongo. Nililirudia kila juma, na mama yangu mzazi ameketi benchi la mbele. Alikuwa ametoka Mururu, mwenye miaka sabini na sita, kuja kukaa kwangu hapa Bugarama, ambako joto halina huruma.

Baada ya muda niliona hanywi chai Jumapili asubuhi. Kisha hata maji, tangu Jumamosi. Nikadhani anafunga. Ndugu zangu, nilijivuna! Nilimtaja mbele yenu kuwa mfano, nanyi mkapiga makofi. Yeye aliinamisha kichwa.

Jumapili moja, katikati ya wimbo, akaanguka. Nilipomwinua niligusa kitenge cha pili alichokivaa ndani ya kile cha juu, kimekunjwa mara nne. Kilikuwa kimelowa.

Alipopata nguvu katika kituo cha afya, nilimwuliza kwa nini alinificha.

"Ni wewe ulifundisha, mutoto wangu. Nikikohoa, mukojo unatoka. Nikienda inje, namukimbia Mungu. Basi nikaacha maji."

Nililia. Muuguzi alimshika mkono. "Maman, hii si laana. Misuli inayozuia mkojo imelegea, na inaweza kufanyishwa mazoezi."

"Nimezaa tisa, binti! Musuli gani ilibakia?"

Walicheka wote wawili, nami nikacheka machozi yakinitoka.

Muuguzi alimfundisha Mama kuibana na kuilegeza misuli hiyo kila siku, kwenda chooni kwa saa zake, na kunywa maji bila hofu. Hajapona kabisa, sitawadanganya. Lakini anakunywa chai yake, anacheka bila kujishika, na juzi alipanda gari hadi Mururu kumsalimu dada yake, safari aliyoiogopa tangu alipokuja kwangu.

Mama alifunguliwa aibu. Mimi nilifunguliwa ugumu wa moyo, na huo ulikuwa ugonjwa mkubwa zaidi. Asifiwe Mungu!

Mama zangu mnaoketi mmebana magoti, mwaminini Yeye aliyeuumba mwili huo, wala hauonei haya. Semeni na muuguzi. Kunyweni maji. Benchi la karibu na mlango ni lenu sasa. Anayehitaji kutoka, atoke: mlango nitamfungulia mimi, na akirudi atanikuta nimemshikia nafasi yake.