Wodi ya Wazazi na Makapi ya Mpunga

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi, Daktari Mkuu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi akina mama mliotoka wodini na vichanga vyenu kwa sababu huku nje kuna upepo: nawasalimu nyote.

Mimi ndiye muuguzi mkuu wa wodi hii mpya ya wazazi tunayoifungua rasmi leo, ingawa wazazi walishaanza kulazwa. Nimeombwa niisifu Kamati, nami nitaisifu mpaka itosheke.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Nyuma ya ukuta wetu kuna mashine ya kukoboa mpunga. Makapi yake huchomwa, na moshi ni wetu. Fundi wa dari akatushauri tuyachanganye na chokaa, wadudu wasiyaguse, kisha tuyajaze juu ya dari ili joto la bati lisipenye ndani. Kamati, kwa busara yake, ikataka kwanza kujaribu kwenye stoo ya vitanda vibovu. Jaribio lilifaulu mno! Hadi leo Kamati haijatoka humo. Vikao vyote ni stoo, vitanda vibovu viko koridoni, na juzi Mwenyekiti aliniomba shuka, eti kuna kibaridi.

Na wodi je? Hapo Kamati iliona haya.

"Sista," Mwenyekiti aliniambia, "mgeni rasmi akisikia tumewajazia wazazi makapi kichwani, tutaficha wapi nyuso zetu?"

Basi tukapigiwa bati tupu, lenye kung'aa, linalopendeza kwenye picha. Jana kichanga cha binti mmoja kilichemka mwili, tukadhani ni homa. Tulipokitoa nje, kikapoa. Niliogopa, ndugu zangu, na hasira bado ninayo.

Magunia ya makapi yapo, fundi yupo, chokaa ipo. Kinachokosekana ni ruhusa yako, Mheshimiwa.

Kamati ilikuandalia uhutubie kule stoo. Nisamehe, nimekihamishia kiti chako wodini, pamoja na viti vya wanakamati, chini ya bati lao. Akina mama watakusikiliza kwa spika kutoka hapa kivulini. Sasa ni saa saba mchana, na hotuba yako, nimeiona, ni ndefu. Tafadhali usiruke hata ukurasa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nawashukuru kwa kunitegea masikio. Mheshimiwa, karibu ndani. Mlango tutaufunga sisi.