Bibi wa Bondeni Hasikii

Benchi la nje ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na asubuhi hiyo lilikuwa limebeba wanaume watatu, birika la kahawa na simu. Simu ilikuwa mkononi mwa fundi wa masofa, ambaye mtaa mzima humwita Kamanda kwa sababu hajawahi kuona mtu akiegesha gari asimwelekeze. Binti yake aliacha kazi ofisini, akajifungia chumbani na kompyuta, akatoka na mchezo wa simu alioutengeneza peke yake. Sasa ofisi ilikuwa imemwita arudi, na jibu lilitakiwa siku hiyo. "Baba, ujaribuni na wenzio," alimwambia. "Mkisema haufai, narudi." Kamanda alitaka arudi. Neno "haufai" alikuwa nalo mdomoni tayari, limeshapigwa msasa. Alitafuta tu mahali pa kuligongelea msumari.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: mchezaji ni mungu mdogo wa kijiji kilichojengwa bondeni. Mto unajaa, mlima upo pale pale, lakini kitufe cha kuwaambia watu "hameni" hakuna. Kuna mvua, radi, upepo na ndoto. Ukishavituma, wao ndio wanaamua.

— Mungu gani huyu asiye na sauti? — Kamanda alifoka. — Hata mgambo ana filimbi!

— Watumie mvua, — alisema Wembe, kinyozi, mwenye benchi. — Wakilowa watapanda wenyewe.

Kamanda akatuma mvua. Wanakijiji wakatoka wakicheza, wakaleta majembe, wakapanda mpunga hadi mlangoni.

— Umewanogeshea, — alisema Breki, dereva wa lori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa kile ambacho mdomo wake hauna. — Hao wamegoma. Nimewahi kugoma mimi, sura ya mgomo naijua.

— Mgomo gani wa kupanda mpunga?

— Ndio ule mbaya zaidi!

Kamanda akapiga radi kwenye mti wa bondeni, ili waogope. Wakauzungushia ua ule mti, wakauimbia.

— Wananiabudu kwa kunipuuza!

— Basi waote, — alisema Wembe. — Mlima wenyewe uwatokee usingizini.

Kamanda akatuma ndoto ya mlima. Kijiji kikaamka na furaha, kikauchora mlima kwenye ukuta wa kila nyumba. Bondeni.

Kamanda aliikaba simu kama kuku wa kuchinjwa.

— Aliyetengeneza kitu hiki ana roho mbaya!

— Ni mwanao.

— Najua ni mwanangu! Nyumbani ni hivi hivi! Nimemtuma mama yake, nimekohoa mezani, nimewasifia watoto wa watu walioajiriwa. Ananiambia "asante baba," anarudi chumbani!

Breki akasogea, akashusha sauti.

— Mimi nimeshaelewa. Kuna kijiwe kingine huko juu, kinatucheza sisi.

— Toka hapa.

— Mfereji wa paa la Wembe unatumwagia maji kila ikinyesha. Tumewahi kusogeza benchi? Wenzetu huko juu wanang'oa nywele!

Wembe alitazama paa, akasogeza kikombe chake. Benchi hakuligusa.

— Nyamazeni! — Kamanda alisema. — Maji yameingia kwa bibi.

Kibanda cha mwisho karibu na mto kilikuwa cha kizee mmoja. Alitoka, akautazama mto, akaketi kizingitini. Kamanda akapuliza upepo kwa hasira. Upepo ukamvua bibi kitambaa cha kichwa, ukakirusha mlimani. Bibi akainuka, akatikisa ngumi kwa mbingu, akakifuata.

Wanaume watatu wakainama juu ya simu kama wanachungulia kisima.

— Shikamooni wazee.

Hakuna aliyeitikia. Binti alikuwa amesimama mbele yao, amevaa kama mtu wa kwenda kazini.

— Baba, ofisini wanangoja. Mchezo ukoje?

— Mbaya! — alisema Breki. — Mbaya sana! Puliza Kamanda, kitambaa kimenasa kwenye miba!

— Kwa hiyo haufai?

Kamanda aliinua macho. Neno lake lilikuwepo, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

— Nirudi au nisirudi, baba?

Mdomo ukafunguka. Kwenye kioo, bibi alisimama katikati ya mlima, akageuka kutazama nyumba yake.

— Usigeuke, mama! Panda!

— Baba, nimekuuliza.

— Wewe mtoto, huoni nina mtu mlimani?

Simu ya binti ikaanza kuita mkobani. Aliitoa, akasoma jina la ofisi, akawatazama wazee wale, jasho likiwatoka kwa ajili ya kizee asiyekuwepo. Akaizima. Akajibana kwenye ncha ya benchi, kando ya baba yake.

— Usimsukume sana, — alisema. — Ataketi.