London au Delhi

Tangu Mbeya, ndani ya basi, nilikaa katikati. Mbele yangu mzee Anania, nyuma yangu Sekela, mke wa mwanawe, amejifunika kanga gubigubi. Kwao Wanyakyusa mkamwana hasemi na baba mkwe, kwa hiyo kila neno lilipitia kwangu, ingawa masikio yao yalikuwa mazima.

Kisa ni Lutengano, mume wa Sekela, aliyemaliza Makerere. Uhuru bado, lakini yeye anataka kusomea ubalozi. “Mama, mwambie kwamba mumewe ataenda London,” alisema mzee. “Mwaka mmoja tu, anarudi.”

Sekela akanigusa bega. “Mwambie baba, chuo cha Delhi ni miaka miwili, ila kinapokea na wake.”

“Mwambie hana haya.”

Nikamgeukia Sekela. “Baba anasema umelifikiria sana jambo hili.”

Kanga ikatikisika kwa kicheko. Mbele, mzee alicheka hadi kofia ikamdondoka.

“Mwambie baba nashukuru,” akasema Sekela, “na Delhi ni ile ile.”

“Mwambie London.”

Basi likasimama kituo cha Mlandege, nikainua kikapu changu nishuke. Mzee akanigeukia, macho ameyainamisha yasimfikie mkwewe. “Na wewe, mama, huu ubalozi ulisomea wapi?”